Jumamosi Tunaozesha

“Jumamosi tunaozesha,” mumewe alikuwa akisema kwenye simu huko bafuni, maji yakimwagika. “Mke wangu hana habari, na asiwe nayo.”

Mama alisimama nje ya mlango, taulo mkononi. Binti yao alikuwa mmoja tu. Posa ya yule fundi wa friji alishaikataa mara mbili, mara ya pili kwa maneno ambayo hata yeye hakupenda kuyakumbuka. Hakumsomesha mtoto mpaka chuo ili aje kuishi na mafriji mabovu uani.

Mume alipotoka, Mama alimkabili palepale. “Unamwozesha nani?”

Mume alimtazama, kisha akacheka. “Sahani, mke wangu. Kwani mimi kazi yangu nini?”

Kweli, kazi yake ilikuwa hiyo. Mwaka wa tatu sasa yuko maabara ya kiwanda cha vyombo, akihangaika na plastiki inayooza. Plastiki ya namna hiyo ni ghali, basi huichanganya na takataka za viwanda vingine ili bei ishuke: majivu ya tanuri, unga wa marumaru, vumbi la mbao. Akizidisha majivu, sahani inakuwa ngumu na kukataa kuoza. Akizidisha vumbi la mbao, inalegea kabla mchuzi haujapoa. Watu huomba vitu vyao vidumu. Yeye aliomba vyake vioze, tena aliomba hivyo mezani, watu wakila.

“Na siri ya nini?”

“Amri ya kiwanda. Washindani wakinusa mchanganyiko wetu tumekwisha. Jumamosi wanakuja wageni, tunafukia sahani mia mbele yao.”

Mama alimpigia simu dada yake. Dada alicheka mpaka akakohoa. “Sasa unazionea wivu sahani? Pumzika, mdogo wangu.”

Hakupumzika. Lisemwalo lipo, alijiambia, na roho ikabaki juu juu. Alipanga vyombo kabatini, akavipangua, akavipanga tena. Ijumaa binti alirudi kutoka kusuka, kichwa kimependeza, maneno machache. Alipoulizwa ana nini, akasema mitihani. Mume alipiga pasi shati lake jeupe kwa mkono wake mwenyewe, yeye ambaye pasi hajui inakaa wapi.

Jumamosi mume aliondoka mapema. Binti naye akasema anakwenda kujisomea na wenzake. Mama alikaa, akasimama, akakaa tena. Mwishowe aliacha nguo kwenye beseni, akatoka vilevile alivyo, kandambili miguuni, mpaka kiwandani.

Mlango wa maabara ulikuwa wazi. Ndani alimkuta dada wa mizani, yule anayempimia mumewe majivu na vumbi, amevaa gauni la hariri na viatu virefu. Nyuma yake yalisimama mapipa ya mboji, vipimajoto vimechomekwa. Mezani sahani zilikuwa zimepangwa kwa mafungu, kila fungu na karatasi yake: majivu, marumaru, mbao.

Mama akashusha pumzi. Zilikuwa sahani kweli. Aliona haya, akamwonea huruma mume aliyemshuku bure wiki nzima. Akirudi nyumbani atamwomba radhi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umependeza, mwanangu.”

“Siku yenyewe si ya mchezo. Nafunga hapa tu, nitoke.”

Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu simu ile. “Haya. Mnaozesha saa ngapi?”

“Saa sita, mama,” dada wa mizani alisema, akitafuta funguo. “Bwana harusi keshafika. Mbona wewe hujavaa?”