Ugali Chini ya Godoro

Siku hizi mfungwa asiye na kitu hulipa matunzo ya mwanawe kwa siku zake: kilo moja ya unga, siku moja zaidi gerezani. Serikali inaiita huruma. Mimi naiita wizi uliovaa tai.

Leo afisa ustawi wa jamii, mama mwenye marashi ya kutapisha, alikuja kumpima mpwa wangu Zawena, wa miaka sita, ambaye baba yake amefungwa.

"Amepungua!" alimfokea dada yangu. "Baba mtu anajitoa, wewe chakula unapeleka wapi?"

"Anakula, bibie. Sahani inarudi tupu."

Afisa akainua godoro. Matonge ya ugali yalikuwa yamepangwa juu ya gazeti, makavu kama mawe.

"Namwekea baba," Zawena alisema. "Wakirudishiwa yote, watamtoa."

Yule mama alicheka. "Kilichopikwa hakirudishwi, mwanangu." Kisha akaandika: mtoto dhaifu, aongezewe kilo tano kila mwezi.

Alipotoka, Zawena alichukua tonge kavu akaanza kulitafuna, machozi yakimtiririka.

"Mjomba, mkimbilie yule mama," alisema, mdomo umejaa. "Mwambie asubiri kidogo. Nanenepa sasa hivi."