Bosi Anaomba Mwenyewe

"Mwanao ametimiza miaka kumi na nane," karani aliniambia dirishani. "Posho ya mtoto mwenye ulemavu imekoma, mama. Ya watu wazima aje aombe mwenyewe."

"Hajasema neno tangu azaliwe."

"Nakuelewa, lakini mtu mzima hujisemea. Utaratibu sikuutunga mimi."

Marehemu baba yake alimwita Bosi, kwa kuwa haendi popote bila dereva. Nilisukuma kiti chake cha magurudumu kutoka kwenye benchi hadi dirishani. Nikamfungua kitambaa cha shingoni kilicholowa mate, nikamfuta kidevu, nikamnyooshea kola.

"Haya, Bosi. Omba."

Alimtazama karani, akatabasamu. Mate yakaanza kudondokea shati.

"Mama, mfute basi," karani alisema.

Nilirudi kwenye benchi, nikaketi, nikawaacha watu wazima wawili wazungumze.