Miiba ya Nungunungu

Hata uji sijaumeza, mnataka hekaya. Haya, nyamazeni basi.

Nungunungu, Chura na Nyenje walikuwa na bendi kinamasini, ya makelele yasiyoomba ruhusa ya mtu. Chura alijipiga tumbo, Nyenje alipayuka, Nungunungu akatikisa miiba ikalia cha-cha-cha, na ukungu ukacheza kama uko ndotoni.

Siku moja Tausi akamwita Nungunungu pembeni. "Ndugu yangu, njoo upige uani kwangu, peke yako. Ila hiyo miiba itachana mapazia yangu."

"Usiende," Chura akamwambia alipopata habari. "Tuliapa hatupigi penye mapazia."

"Wivu tu, mdomo mpana wewe!"

Akaing'oa miiba yote, mmoja mmoja, huku akijiona tayari anaelea mawinguni, akishangiliwa. Akapanda jukwaani akiwa laini kama yai. Akajitikisa. Kimya. Akajitikisa tena. Kimya, mpaka Tausi akapiga mwayo.

"Kumbe ni panya mnene tu! Mtoeni."

Wenzake walimpokea, lakini miiba haina haraka ya kuota. Malipo yake yakawa hayo: msimu mzima shimoni, mgongo wazi, akimwogopa hata kicheche, akisikiliza bendi yake ikipiga bila yeye.