Nanga ya Mtaa wa Chini

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, hapa sijatia chumvi hata punje. Siku ya bonanza, mitaa miwili isiyosalimiana ilikutana kuvuta kamba. Mtaa wa chini wakamfuata Bi Mwanahawa, mjane mnene asiyealikwa popote.

"Mwenzetu, leo wewe ndiye nanga yetu."

Aliitwa mwenzetu! Akajifunga kamba kiunoni, akakita visigino, wapinzani wakatweta bure.

Kisha pande zote mbili zikakonyezana, zikaachia kamba kwa pamoja. Bi Mwanahawa akaenda chini kwa kishindo, kuku wa jirani wakataga kabla ya siku zao.

"Gunia limepasuka!"

Mahasimu wakacheka hadi wakakumbatiana, wakaongozana kwenye pilau.

Yeye akabaki chini, kamba mkononi.

"Jamani, rudini basi, tuvute tena."