Asali kwa Mwenza wa Ulimi

Sheria ilimpa kila mtu mzima mwenza wa ulimi, mtu wa mbali asiyemjua, na alichoonja mmoja kilimfikia mwingine. Dakta Tunu, mtafiti wa nyutroni, chembe za ndani ya atomu, na jinsi zinavyoungana mbilimbili, hakulistaajabia jambo hilo. Nyutroni mbili, aliwaambia wanafunzi wake, hubaki jozi hata nyingine nyingi zikipita katikati yake. Joto likizidi ndipo huachana.

Asubuhi hiyo chai yake ilikuwa chungu.

“Mwenzio kakulisha shubiri tena?” Shomari, mumewe, alimtania.

“Ni dawa ya homa, baba Mkasi. Jana haikuwa kali hivi.”

“Basi mpelekee uji.”

“Nimpelekee wapi, nami sijui hata jina lake?”

Akachota asali, akaikoroga katika chai na kuinywa taratibu, ili utamu umfikie mgonjwa. Alijiuliza mwili wa binadamu huvumilia joto kiasi gani kabla jozi haijavunjika.

Ghafla uchungu ukatoweka.

“Umeona? Kapona!” alisema Shomari.

Tunu alichota kijiko kingine, akakishikilia ulimini, akisikilizia kama upande wa pili bado palikuwa na mtu.