Ndago ya Bwawa la Namawala

Maji yakiwa kiunoni, Pantaleo aliviringisha shina la ndago kati ya vidole. Pembe tatu. Kichwa cha kahawia. Mzizi mwekundu kwa ndani. Hivyo ndivyo walivyofundishwa kwenye masomo ya jioni pale Ifakara, ambako yeye alikuwa mwanafunzi pekee mwenye wajukuu.

"Asante, Mama Maria," alisema, akaanza ishara ya msalaba, akateleza, akazama. Alipoibuka alimalizia: "Amina."

Mradi wa bwawa ulikuwa unaajiri mtu mmoja, mwenye kuitambua ndago ya asili na kujua inapoota. Ni kazi gani, Pantaleo hakuuliza. Miaka thelathini alikuwa akipalilia mpunga, akipambana na ndago. Mtu hutafuta ndago kwa sababu gani nyingine? Jumuiya nzima ilikuwa imemsalia novena, na mkewe, Balbina, alishawatangazia majirani. Akikosa, ingebidi wahame parokia.

Siku ya usaili Balbina alimnyooshea kola. "Wakikuuliza jina la mmea, taja jina. Usianzie kwa Adamu."

"Hiyo tabia nimeacha, mke wangu."

Alianzia kwa Nuhu.

Careen, msimamizi wa mradi, alimsikiliza kwa heshima mpaka safina ikatua. "Sawa, mzee. Shina lake likoje?"

"Pembe tatu. Utadhani limechongwa."

"Na inaota wapi?"

"Ukingo wa kaskazini, kwenye tope jeusi, nyuma ya matete. Nimelizunguka bwawa siku tatu. Kwingine haipo."

Careen aliacha kuandika. "Wataalamu wetu wameitafuta miezi miwili!"

"Labda hawakusali," alisema Pantaleo, kisha akatubu kimoyomoyo kwa majivuno hayo.

Careen alicheka, akasimama, akampa mkono. "Hongera, mzee wangu. Kazi ni yako. Ziko ngapi?"

"Mashina arobaini na moja."

"Twende ukanionyeshe."

"Ya nini ulowe, mwanangu?" Pantaleo aliinama, akavuta kiroba kutoka chini ya kiti. "Nimezing'oa zote na mizizi, nikazianika siku mbili juu ya bati. Hapo hata moja haichipui tena."

Careen alikitazama kiroba, kisha barua ya ajira iliyokuwa mezani, tayari imegongwa muhuri: *Mlinzi wa Ndago*.