Hodi kwenye Bomba

Niligonga bomba kwa spana mara tatu, ingawa leo hakukuwa na mtu shimoni.

"Mzee, unamgongea nani?" fundi mpya akauliza. "Chini hakuna mutu."

Ni mazoea. Hapa machinjioni Koboko, mmoja hushuka kwenye shimo la maji machafu kulegeza tope, mwingine hubaki juu na pampu. Kabla ya kuifungulia pampu hewa inayoiendesha, wa juu hugonga bomba mara tatu. Wa chini akijibu, basi yu mzima.

Mwaka jana Lomoro ndiye aliyeshuka. Niligonga, nikasikia ko, ko, ko, nikafungua hewa. Pampu ikapiga nusu saa nzima, nami nakunywa chai. Kumbe gesi ilikuwa imemlaza kitambo. Zilizonijibu ni gololi za mpira zilizomo ndani ya pampu, zikidondoka mahali pake maji yaliposhuka.

Tangu hapo nazisafisha mwenyewe. Asubuhi hii nilikuwa nimezitoa zote nne, nimezisugua, nimezipanga juu ya gunia. Moja ina mkwaruzo mwembamba, kama wa ukucha.

Ko, ko, ko.

Bomba lilitetemeka kiganjani mwangu. Fundi mpya akarudi nyuma.

"Ni gololi tu," nikamwambia, kama nilivyomwambia mama yake Lomoro.

Kisha nikatazama gunia. Moja, mbili, tatu, nne.

"Lete kamba," nikasema.